Mbuzi wa Ana



Leo chukueni Biblia, ile ya Kikatoliki, mfungue Kitabu cha Tobiti sura ya 2. Nasisitiza ya Kikatoliki kwa sababu ukiazima ya rafiki yako wa kanisa la jirani unaweza kukitafuta mpaka jioni usikione. Ni kimojawapo cha vitabu ambavyo Mtaguso wa Trento, mwaka 1546, ulivitaja kwa majina kuwa ni sehemu ya Maandiko Matakatifu. Kina sura 14 tu. Unakimaliza kwa muda uleule ambao watu hutumia kubishana kwenye grupu la WhatsApp kuhusu michango ya sare za kwaya.

Wengi tunakijua kwa mambo mawili: malaika Rafaeli, na ile sala ya Tobia na Sara inayosomwa kwenye harusi. Mimi nakipenda kwa sababu ni kitabu cha nyumbani. Humo kuna shomoro wenye tabia mbaya, mbuzi anayelia ndani ya nyumba, samaki, na mbwa mmoja ambaye hakuna anayejua katokea wapi. Kuna mume na mke wanaogombana, kuna wakwe wenye wasiwasi, kuna mama anayekataa kula kwa sababu mtoto kachelewa kurudi. Ukisoma vizuri unaona kama watu hawa wanaishi nyumba ya tatu kutoka kwenu. Leo tukae na mbuzi.

Tobiti ni Mwisraeli wa kabila la Naftali, yuko uhamishoni Ninawi pamoja na mkewe Ana na kijana wao wa pekee, Tobia. Ni mtu mwema kwelikweli. Wenye njaa anawalisha, wasio na nguo anawavika, na akikuta maiti ya ndugu yake Mwisraeli imetupwa, anaizika, hata kama kufanya hivyo kulishamponza akanyang'anywa mali zake zote. Sikukuu moja ya Pentekoste ameandaliwa chakula kizuri, anamtuma mwanaye akatafute maskini wa kula naye. Kijana anarudi na habari kwamba mwenzao mmoja ameuawa na mwili umetupwa sokoni. Mzee anaacha chakula hajakionja, anaenda kuuchukua mwili, anasubiri jua lizame, anazika. Usiku huo analala uani kando ya ukuta, uso haujafunikwa kwa sababu ya joto. Juu ya ukuta kuna shomoro. Basi bwana, kinyesi cha moto kikamwangukia machoni, ukatokea utando mweupe, na kadiri alivyokwenda kwa waganga kupakwa dawa ndivyo alivyozidi kutoona, mpaka akawa kipofu kabisa. Miaka 4.

Sasa nyumba inaendeshwa na Ana. Anafuma nguo za watu, anapeleka kazi, analipwa. Siku moja anakabidhi kitambaa alichomaliza, na mabosi wake wanamlipa ujira wake wote, kisha wanamwongezea mtoto wa mbuzi akale na familia. Tobiti, ambaye ndiye anayesimulia sura hizi za mwanzo kwa kinywa chake mwenyewe, anaikumbuka mpaka tarehe: siku ya 7 ya mwezi wa Distro. Ugomvi wa nyumbani una maajabu yake. Tarehe ya kuzaliwa ya mwenzako unaweza kuisahau, ya ugomvi huisahau ng'o.

Hebu mfikirie Ana njiani anarudi na yule mbuzi. Miaka imepita bila nyama ya maana nyumbani, halafu leo mtu ameipenda kazi yake kiasi cha kumpa nyongeza. Bila shaka alishapanga na mapishi. Anaingia, mbuzi analia meee, na kipofu anageuza shingo: huyo katoka wapi? Si wa wizi huyo? Mrudishe kwa wenyewe, sisi haturuhusiwi kula kitu cha wizi. Ana anaeleza kwamba amepewa, ni zawadi juu ya mshahara. Tobiti hasadiki. Anarudia kwamba mbuzi arudishwe, na uso unamwiva kwa hasira.

Kule falsafa tulikaa sana na somo la mantiki, na mwalimu wa mantiki angefurahia kumchambua Tobiti. Hoja yake iko hivi: sisi ni maskini, maskini hana hela ya mbuzi, ndani ya nyumba kuna mbuzi, basi mbuzi ameibwa. Umbo linapendeza, ila kuna sentensi imesahaulika, kwamba duniani wapo watu wanaotoa bure. Na anayeisahau ni Tobiti, jamani! Mtu aliyegawa mikate na nguo mji mzima, aliyeacha pilau la sikukuu (au chochote walichokuwa wanapika Ninawi) kwa ajili ya mtu asiyemjua, ndiye anashindwa kuamini kwamba kuna mtu mwingine mwema huko nje, na kwamba wema huo unaweza kuingia kwake kwa mlango wa mkewe.

Nadhani hapo ndipo kidonda kilipo. Kutoa alikuzoea. Kupokea kulikuwa kunamchoma. Yeye ndiye aliyekuwa mwenye mkono wa kutoa, leo analishwa na vidole vya Ana, na sasa hata mbuzi anakuja kama msaada. Mnawajua akina baba wa namna hii. Kazi imekatika, mama anauza maandazi au vitenge, na badala ya baba kuwa mpole anakuwa mkali zaidi, anakagua kila kifurushi kinachoingia. Tukiwahukumu upesi tutakosea, kwa sababu wengi wao, kama Tobiti, wanaumia.

Tuwe wa haki pia: swali lake la kwanza halina ubaya. Mtu mwaminifu lazima ajali kama anachokula ni halali. Mzazi naye ana haki ya kukuuliza simu mpya umetoa wapi, viatu vimetoka wapi, nani amekutumia hela. Sitawasaidia kumkwepa kwa kutumia Biblia, kwa sababu siku hizi kuna zawadi zenye ndoano ndani, na mnazijua kuliko mimi. Shida inaanzia pale mtu ameshajibu, jibu linaeleweka, huna ushahidi wowote wa kulipinga, na bado unaendelea. Hapo huulizi tena. Umeshahukumu, unatafuta tu mtu wa kutia sahihi.

Mtakatifu Thomas wa Akwino ana sehemu nzuri sana juu ya jambo hili katika Summa Theologiae, sehemu ya pili ya pili, swali la 60. Anauliza kama mambo yenye shaka tuyatafsiri kwa upande ulio mwema. Anajibu ndiyo. Mtu anaweza kumwuliza, je, si tutadanganywa? Thomas anakubali kwamba tutadanganywa, na pengine mara nyingi. Lakini anaona ni afadhali ukosee mara nyingi kwa kumdhania mema mtu mbaya kuliko kukosea mara chache kwa kumdhania mabaya mtu mwema, kwa sababu huyu wa pili umemdhulumu. Kwake, kumwazia mtu mabaya bila sababu ya kutosha tayari ni kumkosea, hata kabla hujafungua mdomo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2477 na 2478, inaiweka hukumu ya harakaharaka katika amri ya nane, palepale penye kusingizia na kusengenya, na inamleta Mtakatifu Inyasi wa Loyola: kama huwezi kulielewa neno la mwenzako kwa upande mwema, mwulize kwanza yeye analielewaje.

Jaribuni hayo nyumbani kwenu. Elfu kumi iliyokuwa juu ya friji haionekani. Anayeitwa wa kwanza ni nani? Dada wa kazi. Sukari imepungua, ni yeye. Chaja imepotea, ni yeye. Anasema sijachukua, anaulizwa tena, anasema tena sijachukua, begi lake linamwagwa sebuleni mbele ya watoto. Jioni elfu kumi inatokea kwenye mfuko wa suruali iliyolowekwa, kila mtu anacheka, mambo yanaendelea. Hakuna anayekwenda jikoni kusema samahani, dada. Huyu mtu kesho atapika chai yenu. Na ninyi mlioshuhudia mkanyamaza Jumamosi, Jumapili mnapeana amani ya Kristo kanisani na mtu wa benchi la nyuma msiyemjua hata jina, kwa tabasamu zuri kabisa.

Ndiyo maana nasema adabu ya kweli inapimwa ndani ya nyumba. Mgeni tunambishia hodi, tunamwambia samahani naomba kuuliza. Ndugu yetu tunamwambia "we, hii umetoa wapi?" Marehemu Papa Fransisko, katika katekesi yake ya tarehe 13 Mei 2015, alizungumzia maneno matatu ya maisha ya familia: kuomba ruhusa, kushukuru, na kuomba radhi. Hilo la kwanza Waswahili tumebarikiwa, tunalo kwa neno moja tu, hodi. Hodi si ya mlango wa mbao peke yake. Neno la mwenzako nalo lina mlango. Akisema nimepewa, unasimama hapo nje mpaka akukaribishe zaidi.

Turudi Ninawi, maana Ana bado hajajibu. Na anajibu! Anamwuliza mumewe sadaka zake ziko wapi sasa, na matendo yake mema yamemfikisha wapi, na kwamba sasa kila mtu anamjua alivyo. Mmeona? Ugomvi ulikuwa wa mbuzi mmoja, dakika mbili baadaye unahusu maisha yote ya mtu. Kwenye nyumba zetu pia, unaanza na kikombe ambacho hakikuoshwa, unaishia kwenye mambo ya mwaka 2009 na jinsi ukoo wenu mlivyo. Ana amechomwa, naye akatafuta pale panapouma kuliko pote, imani ya mzee, akapiga hapo.

Tobiti akalia, akasali. Na katika sala hiyo aliomba afe. Msilipite jambo hili mbio. Kipofu wa miaka 4, aliyevumilia uhamisho na kufilisika, kinachomfikisha kwenye kuomba kifo ni matusi ya siku ile. Siku hiyohiyo, kule Ekbatana nchini Media, binti anayeitwa Sara, aliyefiwa na waume 7, anatukanwa na mjakazi wa nyumbani kwao, naye anawaza kujinyonga. Kinachomzuia ni kumfikiria baba yake. Naye anasali. Nyumba mbili, miji miwili, na pote kilichomfikisha mtu ukingoni ni ulimi wa mtu anayeishi naye. Sala zote mbili zikasikiwa kwa wakati mmoja, na Rafaeli akatumwa. (Kama wewe unayesoma umefika mahali kama alipofika Sara, usibaki peke yako na wazo hilo. Leo hii mwambie mtu mzima unayemwamini, padre, mzazi, mwalimu, daktari.)

Kuna kitu nimekitafuta mara nyingi katika kitabu hiki sijakiona: Tobiti akimwambia Ana nisamehe, mbuzi alikuwa wako. Hakuna. Rembrandt alikichora kisa hiki mwaka 1626, akiwa kijana wa miaka kama 20 hivi, na picha iko Rijksmuseum kule Amsterdam. Ana amesimama na mbuzi kwapani, macho yamemtoka. Tobiti amekunja mikono yake kwa sala. Kambwa kako pembeni kanaota moto. Mchoraji kamwachia mzee sala tu, kama Maandiko yalivyofanya. Lakini ukiendelea kusoma unaanza kuona vidokezo. Sura ya 4, Tobiti anadhani anakaribia kufa, anamwita Tobia kumpa wosia. Akishataja kuzikwa tu, anataja mama: mheshimu, usimwache siku zote za maisha yake, usimhuzunishe, kumbuka hatari alizopitia ulipokuwa tumboni mwake. Sura ya 5, kijana anapoondoka safari na Ana anaangua kilio, mzee anambembeleza na kumwita dada. Papa Fransisko, katika katekesi ileile, alisema kwamba hata kama sahani zimeruka, siku isiishe bila kupatana, na kwamba huhitaji kupiga magoti. Ishara ndogo inatosha. Labda hilo "dada" ndilo lilikuwa ishara ndogo ya Tobiti.

Safari yenyewe mtaisoma wenyewe. Msiruke Ragueli, baba mkwe, anayechimba kaburi la mkwe wake usiku wa harusi, kimyakimya, ili majirani wasije wakamcheka, halafu anagundua bwana harusi yuko hai anakoroma, anaamrisha kaburi lifukiwe kabla hakujakucha. Na msimruke mbwa. Anatajwa wanapoondoka, anatajwa wanaporudi, basi. Hafanyi muujiza wowote. Mtakatifu Jeromu, aliyekitafsiri kitabu hiki kwa Kilatini kwa kazi ya siku moja, ndiye mwenye ile sehemu ambapo mbwa anatangulia mbio kufika nyumbani huku anatikisa mkia. Wenye mbwa mnaelewa. Yeye hakuulizi hela umetoa wapi, anafurahi tu umerudi.

Ana naye alikuwa anaangalia barabara. Kila siku. Mumewe alimwambia atulie, mtoto ni mzima. Akamjibu atulie yeye, asimdanganye, mwanangu ameshakufa. Mpaka siku ile akaona watu wawili kwa mbali. Kipofu yuko ndani, haoni lolote, hana njia ya kuhakikisha. Ana anamwambia: mwanao anakuja, yeye na yule mtu aliyekwenda naye. Kisha akakimbia kumlaki. Tobiti hakuuliza umejuaje, wala una hakika. Aliinuka, akatoka kwa mlango wa ua, anajikwaa.