Itasoma Jina Gani? Safari ya Kinga ya Pesa Yako Kutoka Wazo Hadi Kwenye Simu

Hebu tuanzie hapa Manyatta, jioni ya tarehe tano. Mama anayekaanga omena upande wa Kondele ana wateja watatu wanangoja, mafuta yanachemka, na mwenye nyumba ashapiga simu mara mbili. Anashika kabambe yake, anatuma kodi, shilingi 3,500. Kidole kinateleza kwenye tarakimu moja tu. Pesa ishaenda kwa mtu asiyemjua.

Hakuna mwizi hapo, na mtandao haujaharibika. Mfumo umefanya kile ulichoambiwa. Sisi tulio katika kazi hii ya malipo ya simu tunaulizwa sana: mbona hamkulifikiria hilo mapema? Ni swali la haki, na jibu lake linaonyesha jinsi kifaa cha usalama kinavyozaliwa.

M-Pesa yenyewe ilianza na wazo tofauti kabisa. Majaribio ya Oktoba 2005, ya Thika na Nairobi (Mathare ikiwemo), yalikuwa na maduka 8 tu ya wakala na wateja wasiofika 500. Lengo lilikuwa watu walipe mikopo ya Faulu Kenya kwa simu. Wateja wakaanza kuitumia kutumiana pesa wao kwa wao, na huduma ilipofunguliwa kwa nchi nzima Machi 2007, hicho ndicho kilichotangazwa: tuma pesa nyumbani. Wazo la ofisini lilibadilishwa na watu wa mtaani.

Lakini kutumiana kulileta kosa ambalo kulipa mkopo hakukuwa nalo sana. Mkopo una mlipwaji mmoja. Kutuma pesa kuna namba mpya kila siku, zingine umeandikiwa kwenye karatasi, zingine umesomewa katikati ya kelele za matatu. Siku hizo jina la aliyepokea ulilisoma kwenye sms baada ya pesa kutoka. Na kadiri wateja walivyoongezeka (leo wa M-Pesa Kenya wamepita milioni 30), ndivyo namba iliyokosewa ilivyozidi kuwa na mwenyewe.

Kinga iliyokuja inaitwa Hakikisha. Ukishaweka namba, kiasi na pini, jina la mpokeaji linatokea. Ukiona si lenyewe, una kama sekunde 25 za kuandika herufi au tarakimu yoyote na kuituma, na muamala unasimama. Usipofanya kitu, pesa inaenda.

Tukae hapo kidogo. Kwa nini kunyamaza kuwe ni kukubali? Mbona mteja asilazimishwe kubonyeza ndiyo? Kila hatua unayoongeza inamchelewesha anayetuma sawasawa, na hao ndio wengi. Lakini kuna gharama: mama wetu wa omena akishaweka pini, simu inarudi kwenye leso papo hapo. Jina limetokea, limesomwa na leso. Kwa maoni yetu, hapa ndipo kinga nyingi hukwama. Wahandisi wamemaliza yao, tangazo limetoka redioni, lakini mkono wa mteja bado una tabia ya zamani. (Kwenye programu ya simu janja jina linakuja kabla hujakamilisha, hivyo kulikwepa ni vigumu zaidi.)

Na hata akilisoma, je, analijua? Manyatta mtu ni Mama Sharon, au Japuonj, au Baba Brian wa pale ploti. Kitambulisho kinasema kingine. Achieng na Otieno tunao wengi hadi jina moja halitoshi kukuambia lolote. Wengine laini zao zilisajiliwa kwa jina la mtoto au ndugu. Kwa hiyo jina la kwenye skrini linamlinda tu mtu aliyeuliza mapema. Ndiyo maana swali lililozoeleka mtaani limekuwa nusu ya pili ya kifaa hiki: “Itasoma jina gani?” Liulize kabla hujatuma, hata kwa mtu unayemheshimu. Hakuna ubaya kusema, “Mama, nitumie kwa namba hii? Itasoma jina gani?”

Jambo jingine linalopimwa kabla ya kinga kutoka sokoni ni madhara yake. Kuonyesha jina kunamlinda anayetuma, lakini pia kunamwezesha mtu yeyote mwenye namba yako kujua unaitwa nani. Tangu Kenya ipate Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, swali la ni kiasi gani cha taarifa za mteja kionekane limekuwa zito zaidi.

Kama sekunde zimekupita, usimpigie kwanza uliyemtumia kwa makosa ukimgombeza. Sambaza ile sms ya muamala kwenda 456 haraka, kabla pesa haijatolewa. Ikishatolewa, kuirudisha ni kazi ngumu.

Kuna hila moja ambayo Hakikisha haiizuii. Unapata sms inayofanana kabisa na ya kupokea pesa, halafu simu: “Dada, nimekosea namba, nirudishie tafadhali.” Ukimtumia, jina litakalotokea ni lake kweli, na kila kitu kitaonekana sawa, kwa sababu kinga hii inakagua unayemtumia, haikagui hadithi aliyokupa. Kata simu, angalia salio lako mwenyewe kwenye menyu, usitegemee ile sms. Kama pesa imeingia kweli, mwambie aombe irudishwe kupitia 456, irudi ilikotoka, usiitume kwenye namba nyingine atakayokutajia.