SOMO: NDOVU NA NYUKI



Katika vikundi vilivyo karibu na mbuga, swali moja huulizwa kila msimu: hawa ndovu tuwafanyeje? Mama mmoja alitueleza alivyolala shambani wiki tatu pamoja na watoto, wakipiga madebe na kuwasha moto. Usiku mmoja tu usingizi ulimshinda. Kulipokucha mahindi yalikuwa yamekwisha, na karo ya shule ilikuwa ndani ya hayo mahindi. Wengine wamepoteza hata watu wao. Basi leo tujifunze yale watafiti wamegundua juu ya mnyama huyu.

1. Ndovu anaogopa nini?

Warina asali wa zamani walijua kwamba ndovu hapendi mti wenye nyuki. Mwaka 2002 watafiti Fritz Vollrath na Iain Douglas-Hamilton walionyesha huko Laikipia kwamba ndovu waliepuka migunga iliyotundikwa mizinga.

Pengine utauliza, ngozi nene hivyo, nyuki atamfanya nini? Ngozi ni nene, lakini si kila mahali. Nyuki humchoma kando ya macho, nyuma ya masikio na ndani ya mkonga. Huko kuna maumivu makali, na ndovu hasahau.

2. Jaribio la sauti

Mwaka 2007 Lucy King na wenzake walitoa matokeo ya jaribio walilofanya Samburu. Walificha spika karibu na ndovu waliopumzika chini ya miti, wakawachezea sauti ya nyuki waliokasirika. Kati ya familia 17, familia 16 ziliondoka kabla ya sekunde 80 kwisha. Walipowachezea familia 15 sauti nyingine isiyo ya nyuki, ni 4 tu zilizoondoka.

Mwaka 2010 wakaeleza jambo lingine: ndovu akisikia nyuki hutikisa kichwa, hujirushia vumbi na kutoa mngurumo wa kuwaonya wenzake. Ndovu wengine wakisikia mngurumo huo tu, nao huondoka.

3. Ua wa mizinga

Kutokana na hayo ukabuniwa ua wa mizinga. Unafanya kazi hivi:

(a) Mizinga huning'inizwa kati ya nguzo kuzunguka shamba, mmoja kila mita 10.
(b) Mzinga wa kweli hufuatwa na wa bandia, yaani kipande cha mbao tu, ili kupunguza gharama. Shamba la ekari moja lina mzingo wa kama mita 250, kwa hiyo linahitaji mizinga ya kweli kama 12 au 13, na ya bandia kiasi hicho hicho.
(c) Mizinga yote huunganishwa kwa waya. Ndovu akisukuma waya, mizinga inayumba na nyuki wanatoka.

Je, unasaidia? Kaskazini mwa Kenya, kwa wakulima Waturkana, mashamba 17 yenye ua wa mizinga yalilinganishwa na 17 yenye ua wa miiba. Matokeo yalitolewa mwaka 2011. Ndovu walifaulu kuingia mara 32, lakini ni mara moja tu walipopita kwenye mizinga. Huko Sagalla, karibu na Tsavo Mashariki, mashamba 26 yalifuatiliwa kwa miaka mingi, na ripoti ya mwaka 2024 ilisema kwamba wakati wa mazao, karibu ndovu watatu kati ya kila wanne waliofika walirudi. Wakulima wakauza na asali pia.

4. Tusidanganyane

Ua huu si dawa ya kila kitu. Hao ndovu wengine waliingia. Pia ukame wa mwaka 2017 uliwaondoa nyuki wengi huko Sagalla, na ilichukua miaka kurudi. Ndovu ana akili: debe alilizoea kwa sababu debe halichomi. Mzinga uliobaki bila nyuki nao atauzoea.

Kwa hiyo kazi kubwa si kujenga ua, ni kutunza nyuki. Wawekee maji wakati wa kiangazi. Panda maua na miti ya maua. Usirine asali yote, waachie chakula chao, wasije wakahama. Na mizinga isiwe karibu na njia ya watoto wala mahali unapofunga mbuzi, maana nyuki hawachagui wa kumchoma.

Wahenga walisema, fuata nyuki ule asali. Sisi tuongeze: mtunze nyuki, ule na mahindi yako.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Ndovu hupitia upande gani wa kijiji chetu, na miezi gani?
2. Nani kati yetu anajua kufuga nyuki? Atatufundisha lini?
3. Tukianza na shamba moja, litakuwa la nani, na asali tutagawana vipi?
4. Wakati wa kiangazi, nani atawajibika kuwapa nyuki maji?

Kabla ya mkutano ujao, zungukeni mashamba yaliyo mpakani, mpime mzingo wake kwa hatua, na mwandike. Tuanzie hapo.