Atatokwa damu akiwa wapi?

*Mdogo wangu alibakwa akitoka shambani. Ni wiki nane tangu aone siku zake za mwisho, na anasema mimba ile hawezi kuibeba. Hapa kwetu Kama kuna mtu anauza vidonge sokoni. Muuguzi mmoja anatuambia twende Kindu akasafishwe. Tunaogopa kisu, tunaogopa na polisi. Tufuate njia gani?*
*Dada Mkubwa, Kama*

Dada Mkubwa, pole wewe, na pole zaidi yeye.

Nianze na polisi. Vifungu vya 165 na 166 vya sheria ya jinai ya Kongo bado vinaadhibu kutoa mimba, ndiyo maana watu wananong'ona. Lakini nchi yetu iliridhia Itifaki ya Maputo, ile ya haki za wanawake Afrika, nayo ikachapishwa katika Gazeti Rasmi mwezi Machi 2018. Kifungu chake cha 14 kinaruhusu mwanamke aliyebakwa atolewe mimba kitabibu. Mdogo wako hana kosa. Ila ruhusa hiyo ni ya hospitali, haifiki kwenye meza ya sokoni, ambako hata dawa yenyewe hujui ni ipi.

Sasa kisu. Hakipo. Huko "kusafishwa" kunakofaa ni kunyonya: bomba la plastiki kama la sindano kubwa, mrija laini, na mkono wa mganga wa hospitali unaovuta. Halihitaji umeme. Mlango wa kizazi unatiwa ganzi, na kwa dakika tano hadi kumi kazi imekwisha. Njia hii inafaa hadi wiki ya 14, na ni nadra sana ishindwe. Lakini akiletewa chuma cha kukwangua, kile cha kiretaji, ulizeni kama bomba lipo. Shirika la Afya Duniani limekwisha kusema kukwangua kuachwe.

Vidonge navyo ni dawa ya kweli. Kwanza mifepristoni, kisha baada ya siku moja au mbili misoprostoli. Misoprostoli peke yake pia hufanya kazi, ingawa mara nyingi zaidi hubakiza mabaki ndani. Hadi wiki ya 12 mwanamke anaweza kuvitumia nyumbani, akiwa ameelezwa vizuri. Tumbo litamkaza kuliko siku zake, damu itatoka kwa mabonge, na matone yanaweza kuendelea wiki mbili. Ibuprofeni inatuliza maumivu kuliko parasetamoli.

Kwa wiki nane, njia zote mbili ni salama. Kwa hiyo mimi naangalia barabara. Akimeza vidonge huko Kama, usiku, mvua imenyesha, na akalowesha pedi mbili nzito kila saa, kwa saa mbili mfululizo, pikipiki gani itamfikisha hospitalini? Hapo ndipo ninapoelemea upande wa bomba: anaingia, anatoka, mganga amekwisha kuhakikisha. Au akichagua vidonge, mlale Kindu kwa ndugu mpaka damu ipungue. Wapo wanaopenda vidonge kwa sababu hawataki kuguswa tena na mtu baada ya kubakwa. Sababu hiyo ni nzito, msiidharau.

Kabla ya lolote apimwe kama mimba imekaa ndani ya kizazi. Ikiwa nje, vidonge haviitoi, bomba haliitoi, na inaweza kumuua. Maumivu makali ya upande mmoja, kizunguzungu, homa isiyoshuka au uchafu wenye harufu mbaya: hospitalini siku hiyohiyo. Apimwe pia virusi vya ukimwi na kaswende, maana aliyembaka hamjui ana nini. Na akumbuke kwamba mimba nyingine inaweza kushika hata kabla ya wiki mbili kwisha.

Umeniandikia "tufuate njia gani". Njia ni yake. Mkifika hospitalini, mwache aingie peke yake kwanza, amwambie mganga kwa kinywa chake anachotaka. Wewe mngojee mlangoni na kitenge kikavu.