Art Deco: Fanya Hivi, Usifanye Vile

Usituambie sebule yako ni art deco kwa sababu fundi wa jipsam amekuchongea ngazi tatu darini na kuzipaka dhahabu. Mtindo huu ulijitangaza Paris mwaka 1925, kwenye maonyesho makubwa ya sanaa za mapambo. Msingi wake ni mistari. Panga mistari kwanza, dhahabu iwe ya mwisho.

Chagua mwelekeo mmoja. Ama mistari ipande, kama kwenye jengo la Chrysler la New York lililokamilika mwaka 1930, ama ilale na kuzunguka kona, kama kwenye hoteli za Miami Beach. Ukichanganya yote unapata ukumbi wa harusi.

Jua kazi ya kila kitu kabla hujakigusa. Maghorofa ya New York yanayopungua upana kadiri yanavyopanda hayakuanza kwa mbwembwe: sheria ya jiji ya mwaka 1916 iliyalazimisha kurudi nyuma ili mwanga ufike barabarani. Na ile mikanda ya saruji iliyotokeza juu ya madirisha, iwe Miami, Mumbai au Dar es Salaam, inaleta kivuli. Wapo wanaoikata ili wabandike vioo vya bluu, kisha wanalalamikia bili ya umeme. Wasituchoshe.

Usitafute neno "art deco" kwenye ramani za zamani za jengo lako. Jina hilo lilienea miaka ya 1960.

Using'oe terazo. Ni vipande vya mawe ndani ya saruji, vimesagwa hadi vikang'aa. Ikififia, inasagwa tena. Fundi atakayekushauri uifunike kwa marumaru za dukani anatafuta kazi ya siku tano, na wewe ndiye utakayemlipa.

Usipake rangi ya waridi ukidai ndivyo ilivyokuwa. Hoteli nyingi za Miami Beach zilikuwa nyeupe, rangi ikiwa kwenye michirizi tu. Zile rangi za peremende zililetwa na mbunifu Leonard Horowitz miaka ya 1980. Ukutani kwako, kwangua sehemu ndogo iliyojificha uone tabaka la chini kabisa, ndipo uende dukani.

Na wewe uliyerithi ghorofa Kisutu au Mtaa wa Jamhuri, Dar es Salaam: usifute jina na mwaka vilivyoandikwa juu, kwenye ukingo wa paa. Wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi waliojenga mitaa hiyo kati ya miaka ya 1930 na 1950 waliviweka pale ili kila apitaye ajue jengo ni la nani, na la lini. Usivifunike kwa bango la simu pia.

Majengo mengi ya namna hiyo yameshavunjwa kupisha minara. Kabla hujasaini na mwekezaji, mlete mbunifu majengo alipime lako na kulipiga picha, kila chumba, hadi ngazi.