Jongoo: Huifaa Bustani, Lakini Chunga Macho ya Mtoto

MVUA za vuli zinapoanza Ukambani, kati ya Oktoba na Novemba, majongoo hujitokeza kwa wingi. Ukiwa Mwingi, Kitui mjini au Wote, utawakuta bustanini, ukutani na hata jikoni. Je, wanauma? Wanaharibu mimea?

Kumtambua

Usimchanganye jongoo na tandu. Jongoo ni mviringo kama bomba, huenda polepole, na akiguswa hujikunja. Karibu kila pingili yake ina jozi mbili za miguu. Tandu ni bapa, ana mbio, na kila pingili ina jozi moja tu. Tandu ndiye mwenye sumu na ndiye anayeuma. Jongoo, hata yule mkubwa anayefikia sentimita 30, hamuumi mtu.

Je, anaharibu mimea?

Chakula chake hasa ni majani makavu na vitu vinavyooza, ambavyo huvisaga na kuurutubisha udongo. Ukimkuta ndani ya embe lililoanguka, mara nyingi embe lilikuwa limeshaanza kuoza. Hata hivyo, huweza kula mbegu zinazochipuka, miche na viazi vitamu. Wakulima wa kaskazini mashariki mwa Uganda wamepata hasara kwenye viazi vitamu na njugu karanga. Kwa hiyo, weka majani makavu na mboji mbali na miche michanga.

Hatari kwa mwili

Jongoo hujikinga kwa kutoa majimaji makali ubavuni. Yakigusa ngozi huacha doa la kahawia au jeusi, pengine na malengelenge, na doa hilo huweza kudumu kwa miezi. Mtoto akivaa nguo au kiatu chenye jongoo, mzazi anaweza kudhani ameunguzwa au amepigwa. Kabla ya kumlaumu yaya, kagua nguo, viatu na kitanda.

Jicho ndilo la kuogopewa zaidi. Majimaji hayo huleta maumivu makali na uvimbe, na yanaweza kusababisha kidonda kwenye kioo cha jicho.

Ufanye nini?

Ngozi: Osha mara moja kwa sabuni na maji mengi.

Jicho: Limwagie maji safi mfululizo kwa dakika 15 hadi 20, kisha mpeleke mgonjwa hospitalini siku iyo hiyo. Najua sehemu nyingi za Kitui na Makueni maji hununuliwa kwa mtungi, lakini siku hiyo usiyabane. Usitie maziwa ya mama, mitishamba wala dawa ya macho iliyobaki nyumbani.

Nyumbani: Fagia majani yaliyo karibu na ukuta, ziba nyufa chini ya mlango na kung'uta viatu kabla ya kuvaa. Jongoo akiingia, mzoe kwa ufagio umtupe kwenye mboji. Usikimbilie kunyunyiza dawa ya kuua wadudu mahali watoto wanapocheza. Sumu hiyo yaweza kuwadhuru kuliko jongoo mwenyewe.