Kayaki Ipi kwa Maji Yapi?

Kayaki ni mtumbwi mwembamba wa mtu mmoja au wawili, unaoendeshwa kwa kafi lenye bapa huku na huku. Ukienda kununua utaonyeshwa ndefu na fupi, za kukalia juu na za kuingiza miguu ndani, na muuzaji atakuapia kuwa zote ni nzuri. Hakudanganyi, ila kila moja ina maji yake. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, jiulize utapiga kafi wapi.

Zinatofautianaje? Kayaki ya kukalia juu ina kiti kilicho wazi na matundu yaliyopenya hadi chini, hivyo maji yanayoingia hutoka yenyewe. Ikipinduka, unaigeuza na kupanda tena. Ya kuingia ndani inakukinga na upepo na mawimbi, lakini ikipinduka hujaa maji, na lazima ufundishwe kujitoa na kuyakumba maji hayo. Kumbuka pia kwamba ndefu hushika njia, fupi hugeuka upesi. Pana hutulia, nyembamba huenda kasi lakini huyumba.

Nikiwa pwani, kwenye mikoko na maji ya ndani ya mwamba, nichague ipi? Chukua ya kukalia juu, ya plastiki ngumu, yenye urefu wa mita 3 hivi. Matumbawe yataikwangua tu, hayataivunja. Kabla ya kuingia majini, ulizia maji kupwa na kujaa. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu huja bamvua, yaani maji yanayojaa sana na kupwa sana. Paje na Jambiani, mashariki ya Unguja, bahari hurudi mbali mno, na aliyechelewa huburuta kayaki yake kwa miguu kati ya kamba za mwani. Mida Creek, Watamu, ingia maji yakijaa na ugeuze mapema, usije ukabaki kwenye tope. Kujaa na kupwa hupishana kwa takriban saa 6, na mvuvi yeyote wa hapo atakwambia saa ya siku hiyo.

Na nje ya mwamba? Huko panataka kayaki ya bahari: mita 4.5 hadi 5.5, nyembamba, yenye usukani na vyumba vilivyozibwa mbele na nyuma ili isizame. Si ya anayeanza, hasa kusi likivuma. Jihadhari pia na upepo utokao bara: ufukweni maji huonekana shwari, kumbe unasukumwa nje.

Ziwani je? Kwenye ziwa dogo kama Duluti, karibu na Arusha, kayaki fupi na pana inatosha. Victoria na Tanganyika ni habari nyingine: upepo unaweza kubadilika ghafla ukaleta mawimbi mafupi yanayofuatana. Huko tafuta yenye mita 4 au zaidi, na usiache kuambaa pwani. Naivasha kuna viboko, kwa hiyo nenda na mwenyeji anayejua wanakolala. Tena maji baridi ya kina kifupi yenye magugu yanaweza kuwa na kichocho, ugonjwa ambao vimelea vyake hupenya kwenye ngozi. Ukiwa umelowa huko, kapime hospitali wiki kadhaa baadaye, hata kama huumwi.

Mtoni penye maporomoko, kama Sagana nchini Kenya au Jinja kwenye Nile, hutumika kayaki fupi ya mita 2 hadi 2.7, pamoja na kofia ngumu na sketi ya kuziba maji kiunoni. Usianze kwa kuinunua. Lipia mafunzo kwanza.

Gharama ikoje? Anza kwa kukodi, na uulize kama bei inajumlisha kafi, jaketi la kuokoa maisha na kiongozi. Ukinunua, ya plastiki kwa kawaida ni nafuu kuliko ya faiba. Faiba ni nyepesi lakini hupasuka kwenye mwamba. Ya kujaza upepo huingia kwenye begi na kukuokolea nauli ya gari la mizigo, lakini upepo huipeperusha, na chaza walioshika mizizi ya mikoko huichana. Kwenye hesabu yako tia kafi, jaketi, usafiri na mahali pa kuihifadhi kivulini, maana jua huila plastiki. Soma pia uzito unaobebeka ulioandikwa ndani yake: wako na wa mizigo usikifikie kikomo hicho.

Kabla ya kulipa, omba kuijaribu. Nenda nayo kwenye maji ya kifuani, ukiwa umevaa jaketi na mtu amesimama karibu. Ipindue makusudi, kisha panda tena bila kusaidiwa. Ukishindwa mara kadhaa, jaribu iliyo pana zaidi. Kayaki usiyoweza kuirudia ikipinduka haikufai, hata muuzaji akikupunguzia bei.