Gari Likichemsha na Mzigo Nyuma: Usiongeze Maji Tu, Tafuta Yanakokwenda

Leo tunaweka pembeni mbolea na viwavi, tunaingia kwenye pikapu. Wengi wenu sasa mnabeba mazao kwa gari lenu wenyewe, na wengi mnatembea na dumu la maji nyuma ya kiti. Hilo dumu ndilo limenifanya niandike.

Msimu mmoja nililima nyanya kipande kidogo Ruaha Mbuyuni, pembeni ya kazi. Nikapakia matenga 30 kupeleka Iringa mjini. Kwa wiki kama tatu gari lilikuwa linapungua maji. Asubuhi naongeza, safari inaendelea. Siku hiyo, tulipoanza kupanda Kitonga, mshale wa temprecha nao ukaanza kupanda. Nikajisemea, ngoja nimalize mlima, juu nitapumzika.

Juu sikufika. Injini ilikosa nguvu, ikatoa moshi mweupe, ikazima. Gasketi ya silinda hedi imeungua, na hedi yenyewe imepinda. Nyanya zikakaa juani siku mbili. Nilichouza hakikutosha hata kumlipa fundi. Na chanzo? Mpira wa chini wa rejeta ulikuwa na ufa mdogo karibu na klempu. Bei ya mpira huo haifiki tenga moja la nyanya.

Mimi ndiye ninayewaambia kila siku kwamba nyanya ikinyauka msikimbilie kumwagilia. Inaweza kuwa kiu, inaweza kuwa mnyauko bakteria, na maji hayatibu bakteria. Injini ni hivyo hivyo. Kuchemsha ni dalili, ugonjwa wenyewe uko kwingine.

Mshale ukipanda ukiwa barabarani

1. Zima kiyoyozi, washa hita ya ndani mpaka mwisho. Utatoka jasho, ndiyo, lakini hita inatumia maji ya injini, kwa hiyo inapunguza joto kidogo.
2. Mshale usiposhuka mapema, au ukiona mvuke, simama mahali salama na uzime injini. Usiseme "nimalize mlima."
3. Usifungue mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya moto. Maji ya ndani yana presha na yamepita nyuzi 100. Ukifungua yanakurukia usoni. Subiri nusu saa au zaidi, mpaka mpira wa juu ushikike kwa mkono na uwe laini.
4. Usimwagie injini ya moto maji ya baridi, wala usiyatie ndani. Chuma kinaweza kupasuka. Ikishapoa, ongeza polepole.

Huo mfuniko msiudharau. Iringa mjini ni zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na maji ya sufuria huko huchemka kwenye nyuzi kama 95. Mfuniko mzima unashikilia presha, ndiyo maana maji ya rejeta yanaweza kuzidi 100 bila kuchemka. Ukilegea, maji yanachemka mapema na kumwagika.

Jiulize: linachemsha wakati gani?

*Likisimama au kwenye foleni, likikimbia linapoa.* Angalia feni. Kama ni ya umeme, huenda haiwaki: fyuzi, waya au sensa. Kama ni ya mkanda, kagua mkanda kama umelegea.

*Likipanda mlima au likikimbia na mzigo.* Maji ni pungufu, rejeta imeziba, au pampu ya maji imechoka.

*Dakika chache tu baada ya kuwasha.* Shuku themostati iliyoganda. Mara nyingi mpira wa juu unakuwa wa moto na wa chini bado wa baridi. Fundi akiitoa, itieni kwenye sufuria ya maji jikoni. Nyingi huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 90. Maji yakichemka nayo bado imefunga, nunua nyingine.

Maji yanakwenda wapi?

Egesha gari usiku juu ya boksi lililokunjuliwa. Asubuhi doa litakuonyesha: mbele ni rejeta au mpira, karibu na mkanda huenda ni pampu. Kapeti ya ndani ikilowa, hita inavuja.

Hakuna doa na maji yanapungua? Hapo wasiwasi ni gasketi. Chomoa dipstiki: oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Dalili nyingine ni moshi mweupe usioisha hata injini ikishapata moto, au mapovu yanayotoka mfululizo kwenye rejeta. Ukiona mojawapo, usipakie mzigo. Mwite fundi.

Mambo yetu ya shambani

Magari yetu yanapita kwenye pumba, vumbi na mbegu za nyasi. Vyote vinanasa kwenye mapezi ya rejeta, upepo haupiti. Osha injini ikiwa ya baridi, ukielekeza maji kutoka upande wa injini kwenda nje, bila presha kubwa, maana mapezi yanapinda.

Maji ya kisima yenye chumvi nayo ni adui. Angalia ule ukoko mweupe kwenye birika la nyumbani, ndio unaojaa ndani ya rejeta. Tumia kulanti iliyochanganywa kama chupa inavyoelekeza. Ukikwama njiani weka maji safi uliyonayo, lakini ukifika rudisha kulanti.

Mwisho, anzisha ukurasa wa gari kwenye lile daftari lako la kupulizia dawa. Kila ukiongeza maji, andika tarehe na kiasi. Mfumo mzima hauongezewi maji kila wiki. Ukiona umeandika mara mbili mfululizo, usisubiri ya tatu. Mimi niliongeza wiki tatu bila kuandika hata siku moja, na Kitonga ndiyo ikanipigia hesabu.

Kesho kabla ya kuwasha gari, funua boneti, bonyeza mipira, angalia klempu. Ni dakika tano tu. Tukutane shambani.